Galaksi za jirani zilijifichaje mpaka juzi?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi Kasarani:

"Mwalimu, hujambo. Nimesoma kwamba wanaastronomia bado wanagundua galaksi mpya zinazoizunguka galaksi yetu, tena nyingine zimepatikana miaka hii ya karibuni tu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Darubini zimeona galaksi zilizo umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru. Hizi za hapa mlangoni ziliwapitaje? Zinatambuliwaje? Na mtu aliye Nairobi, asiye na darubini, anaweza kushiriki katika kazi hii au ni ya kusoma tu?"

Sijambo, mwanangu. Swali lako lina sehemu tatu na nitazijibu zote, ingawa ya kwanza na ya pili hazitenganishiki.

Tuanze na umbali, maana ndio unaowapotosha wengi. Mwaka wa nuru ni masafa ambayo nuru huyakata kwa mwaka mmoja, takriban kilomita trilioni 9.5. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina upana wa miaka ya nuru kama 100,000 na nyota zisizopungua bilioni 100. Galaksi kubwa ya namna hiyo ikiwa mbali sana, nuru ya nyota zake zote hukusanyika katika doa dogo angani. Doa hufifia kadiri umbali unavyoongezeka, lakini linabaki doa. Lina ukingo, lina umbo, na darubini yenye kioo kikubwa ikilielekea kwa muda wa kutosha italinasa.

Sasa itazame Segue 1, mojawapo ya galaksi kibete, yaani ndogo sana, zilizotangazwa mwaka 2007. Iko umbali wa miaka ya nuru 75,000 hivi, karibu sawa na umbali wa kutoka kwetu hadi ukingo wa mbali wa Njia Nyeupe yenyewe. Nuru ya nyota zake zote ukiijumlisha ni sawa na ya Jua mia chache tu. Ile nyota Suheli, ambayo manahodha wa pwani yetu waliifahamu vizuri, peke yake hutoa nuru ya Jua kama elfu kumi. Yaani nyota moja inaizidi galaksi nzima mara nyingi. Isitoshe, hizo nyota chache za Segue 1 zimetawanyika, hazikurundikana mahali pamoja, na mbele yake zimesimama nyota za kwetu, maelfu kwa maelfu, kwa sababu sisi tumo ndani ya Njia Nyeupe na kila tunakotazama lazima tupenyeze macho kati ya nyota zake. Picha ya eneo hilo la anga haikuonyeshi galaksi. Inakuonyesha anga la kawaida lenye nyota za kawaida. Ndiyo maana watu waliipiga picha Segue 1 miaka mingi bila kujua wamepiga nini.

Zipo mbili ambazo hazikuhitaji kugunduliwa na mtaalamu yeyote. Wingu Kubwa la Magellan na Wingu Dogo la Magellan huonekana kwa macho matupu, na watu wa kusini mwa dunia wameyajua tangu zamani za kale. La kwanza liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 na ushei, la pili kama 200,000. Nitarudi kwayo, kwa sababu wewe uko mahali pazuri pa kuyaona.

Ya tatu ilichelewa hadi 1938, na historia yake naipenda kwa sababu inaanzia barani kwetu. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na kituo cha kutazamia nyota kiitwacho Boyden, ambacho mwaka 1927 kilihamishwa kutoka Peru hadi karibu na Bloemfontein, Afrika Kusini. Huko walikuwa wakipiga picha za anga la kusini kwenye vioo vilivyopakwa dawa, na kila picha ilihitaji saa kadhaa za kukusanya nuru. Vioo hivyo vilipokaguliwa ulionekana mkusanyiko wa vidoa hafifu mno, vidogo kiasi cha kudhaniwa ni kasoro ya dawa au alama ya kidole. Ulikuwa mkusanyiko wa nyota. Harlow Shapley wa Harvard akautangaza, na mwaka huohuo akatangaza wa pili wa aina hiyohiyo. Leo tunaziita galaksi kibete za Sculptor na Fornax, kwa majina ya makundinyota zilimo. Anga lililozitoa ni hilihili linalopita juu ya Nairobi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda polepole. Miaka ya 1950 ramani za anga zilizopigwa katika kituo cha Palomar, California, zilitoa nne: Leo I, Leo II, Draco na Ursa Minor. Carina ikapatikana 1977, Sextans 1990. Zote zilionekana kwa njia ileile, mtu akikagua kioo au mashine ikikagua kioo kwa niaba yake.

Ya 1994 ilivunja mtindo huo. Rodrigo Ibata, Gerard Gilmore na Mike Irwin walikuwa wanapima mwendo wa nyota zilizo upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, wala hawakuwa wakitafuta galaksi. Wakakuta nyota nyingi zinazokwenda kwa kasi moja, tofauti kabisa na kasi ya nyota za kitovu. Zilikuwa za galaksi nyingine iliyojificha nyuma ya kitovu chetu: galaksi kibete ya Sagittarius, ambayo mvutano wa Njia Nyeupe unairarua polepole na kuivuta kuwa mkanda mrefu wa nyota unaotuzunguka. Katikati yake kuna fungunyota (rundo la nyota zilizoshikamana) liitwalo M54. Charles Messier aliliona fungunyota hilo mwaka 1778. Kwa miaka zaidi ya mia mbili watu walikuwa wakitazama moyo wa galaksi nyingine, wakaandika jina lake katika orodha, wakaendelea na shughuli zao. Kwangu mimi hili ndilo jibu fupi la swali lako la kwanza: kuona na kutambua ni kazi mbili, na kwa galaksi hizi ile ya pili ndiyo ngumu.

Kufikia hapo jumla ilikuwa 11. Kisha kuanzia 2005 idadi ikaruka, na leo, ukihesabu pamoja na zile ambazo hazijathibitishwa, zimepita 60. Kilichobadilika ni nini?

Simama juu ya paa la jengo moja pale Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni. Chini kuna umati. Wanafunzi thelathini wa shule moja wameshuka basi na kupotelea ndani ya umati huo, wakielekea stesheni ya reli. Ukitazama kwa jumla hutawaona. Lakini ukiamua kuhesabu sweta za kijani tu na kupuuza kila kitu kingine, utaona kwamba kuna mahali zimezidi. Na ukifuata mwendo wa kila sweta, utaona zote zinakwenda upande mmoja kwa kasi moja, huku watu wengine wakipishana huku na huku.

Kwa nyota, sweta ya kijani ni uhusiano wa rangi na mng'ao. Chora mchoro: mstari wa chini uwe rangi, kutoka buluu hadi nyekundu, na mstari wa wima uwe mng'ao unavyoonekana kutoka hapa. Nyota zilizozaliwa zama moja na zilizo umbali mmoja hazitawanyiki ovyo kwenye mchoro huo. Zinajipanga juu ya mkunjo mmoja mwembamba ambao fizikia ya nyota hutuwezesha kuukokotoa mapema. Nyota za Njia Nyeupe, kwa kuwa ziko umbali tofauti tofauti, humwagika kila mahali. Basi tarakilishi inaambiwa: chukulia kuna galaksi kongwe umbali wa miaka ya nuru 100,000. Bakiza nyota zilizo karibu na mkunjo wake, tupa nyingine zote, kisha hesabu zilizobaki katika kila kipande cha anga. Kuna mahali zimezidi? Kama hakuna, jaribu umbali wa 150,000, halafu 200,000, na kadhalika, anga zima.

Kazi hiyo haiwezekani bila picha za dijitali zenye vipimo sahihi vya rangi kwa mamilioni ya nyota. Mradi wa kwanza kuzitoa kwa wingi ulikuwa Sloan Digital Sky Survey, kwa darubini yenye kioo cha mita 2.5 tu huko New Mexico. Nasisitiza ukubwa huo kwa sababu watu hudhani ugunduzi hufuata darubini kubwa. Darubini kubwa zaidi zilikuwepo kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni mradi wa kupima anga pana kwa uangalifu uleule na kuziweka data wazi, mtu yeyote azipekue. Beth Willman na wenzake walianza kuzipekua kwa njia hii, na kundi la Cambridge likiongozwa na Vasily Belokurov likafuata. Ndani ya miaka michache jumla iliyojengwa tangu 1938 ikawa imepitwa.

Anga la kusini lilisubiri hadi kamera ya megapikseli 570 ilipofungwa kwenye darubini ya Blanco, yenye kioo cha mita 4, kule Cerro Tololo nchini Chile. Mwezi Machi 2015 makundi mawili yaliyotumia data ileile, kila moja kivyake, yalitangaza siku moja orodha za vibete wapya ambazo kwa sehemu kubwa zilifanana. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kuhakiki kazi ya kisayansi.

Kuhusu mwendo, kazi imefanywa na Gaia, darubini ya angani ya Shirika la Anga la Ulaya iliyorushwa Desemba 2013. Ilipima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja kwa usahihi unaotosha kuona zikihama mwaka hadi mwaka. Ushahidi wa nguvu yake ni Antlia II, iliyopatikana 2018. Galaksi hiyo ina upana unaokaribia ule wa Wingu Kubwa la Magellan, ilhali nuru yake ni hafifu kuliko ya wingu hilo maelfu ya mara. Angani inachukua nafasi yenye upana wa karibu Miezi mipevu mitano iliyopangwa mstari. Iko hapo, kubwa hivyo, na hakuna picha iliyowahi kuionyesha, kwa kuwa iko karibu na ukanda wa Njia Nyeupe ambako nyota zetu na vumbi letu vimejaa. Rangi peke yake isingetosha kuitenga. Nyota zake zilijitokeza pale zilipochujwa kwa mwendo.

Baada ya hesabu za tarakilishi inakuja hatua ya tatu ambayo magazeti huiruka, nami nakuomba usiiruke. Kurundikana kwa nyota kwenye mchoro ni tuhuma tu. Galaksi za mbali sana zikikaa kwa kundi huweza kudhaniwa ni nyota. Hata bahati nasibu inaweza kurundika nyota kadhaa mahali pamoja. Hivyo inabidi darubini kubwa ichukue spektra (nuru iliyogawanywa katika rangi zake) ya nyota mojamoja, ipime kasi yake ya kutujia au kutukimbia, na kiasi cha chuma na elementi nyingine nzito zilizomo. Galaksi za kweli zina nyota ambazo kiasi chake cha chuma hutofautiana, dalili kwamba vizazi kadhaa vya nyota vilipita pale na mvutano ukazuia mabaki yao yasitoroke. Fungunyota la kawaida kwa kawaida halina tofauti hiyo.

Kasi nayo ndiyo inayozifanya galaksi hizi ziwe muhimu kuliko ukubwa wake. Mwaka 1983 Marc Aaronson alipima kasi ya nyota tatu tu katika galaksi ya Draco. Tatu! Kwa tofauti za kasi zao alionyesha kwamba Draco ina uzito mwingi kuliko nyota zake zinavyoweza kueleza. Wengi hawakumsadiki kwa sababu ya uchache wa nyota, na hawakukosea kuwa waangalifu, lakini vipimo vya mamia ya nyota vilivyofuata vilimthibitisha. Katika Segue 1 nyota zinapishana kwa kasi ya kilomita kama 4 kwa sekunde. Kama kungekuwa na nyota zile tu, mvutano wake ungeweza kushikilia nyota zinazokwenda chini ya kilomita moja kwa sekunde. Zenye kasi zaidi ya hapo zingeshatoroka zamani. Kuna kitu kingine kinachozishika, chenye uzito mara maelfu ya nyota zenyewe, na hakitoi nuru yoyote. Ndicho tunachokiita maada ya giza. Katika galaksi kubwa maada hiyo imechanganyika na gesi, vumbi na milipuko ya nyota, ikawa vigumu kuipima. Katika vibete iko karibu peke yake. Darubini ya Fermi imekuwa ikivielekea vibete hivi miaka mingi, ikitafuta miali ya gama ambayo ingetoka kama chembe za maada ya giza zingekuwa zinaangamizana. Mpaka sasa haijapata ishara ya kuaminika, na kutopata huko kumefuta nadharia kadhaa.

Hapo ndipo unapofaa kujua kwa nini idadi inawashughulisha wataalamu namna hii. Mwaka 1999 makundi mawili yaliiga kwa tarakilishi jinsi galaksi kama yetu inavyokua ndani ya maada ya giza. Hesabu zikatoa mamia ya viini vidogo, yaani marundo ya maada ya giza, vya kuizunguka, wakati angani kulijulikana vibete 11 tu. Ama nadharia ilikuwa na kasoro, ama galaksi zilikuwepo na hatukuziona, ama viini vilikuwepo lakini havikuwahi kuwasha nyota. Leo majibu mawili ya mwisho yanaelekea kuwa kweli yote pamoja. Nyingi zilikuwa zimefichika, kama nilivyoeleza. Na viini vidogo kabisa vilinyimwa gesi: ndani ya miaka bilioni moja ya kwanza ya ulimwengu, miali ya nyota za mwanzo iliipasha joto gesi ya haidrojeni kila mahali, na viini vyenye mvutano dhaifu vikashindwa kuishika na kuipoza iwe nyota. Darubini ya Hubble ilipokadiria umri wa nyota katika vibete hafifu kabisa, ilikuta nyingi zilizaliwa kabla au karibu na wakati huo, kisha uzazi ukakoma. Basi nyota hizi ni mabaki ya ulimwengu mchanga ambayo hayakuguswa tena, nayo yako hapa jirani.

Niruhusu nitaje moja ninayoipenda kuliko zote, Reticulum II, miongoni mwa zile za 2015, umbali wa miaka ya nuru 100,000 hivi. Alexander Ji na wenzake walipochukua spektra za nyota zake tisa zenye mng'ao zaidi, saba zilikuwa na wingi wa ajabu wa elementi nzito za jamii ambayo dhahabu imo. Katika vibete vingine elementi hizo karibu hazipo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba tukio moja tu, la nadra, liliinyunyizia galaksi ile ndogo elementi hizo kabla nyota nyingi hazijazaliwa. Matokeo hayo yalichapishwa 2016. Tarehe 17 Agosti 2017 vituo vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya mvutano kutoka nyota mbili za nyutroni (masalia mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana, na darubini zikaona mng'ao wa elementi nzito zikitengenezwa papo hapo. Huenda mgongano kama huo ndio uliotokea Reticulum II zaidi ya miaka bilioni kumi iliyopita. Pete ya ndoa inayouzwa kwa sonara wa Biashara Street huenda ina atomi zilizotengenezwa kwa matukio ya namna hiyo.

Sasa, tahadhari. Mwisho wa 2023 ilitangazwa Ursa Major III, yenye nyota kama 60 tu, umbali wa miaka ya nuru 33,000 hivi. Vichwa vya habari viliiita galaksi hafifu kuliko zote. Ukisoma makala yenyewe, watafiti waliandika kwa uangalifu kwamba inaweza kuwa galaksi au fungunyota, na wakaipa majina mawili kwa sababu hiyohiyo. Wapo pia wanaoshikilia kwamba ni fungunyota lililoshikiliwa na mabaki ya nyota zilizokufa. Msimamo wangu ni kwamba kitu kisihesabiwe galaksi mpaka spektra zitoe ushahidi wa maada ya giza au wa tofauti ya chuma kati ya nyota zake. Jumla itapungua, ndiyo, lakini itakuwa jumla tunayoweza kuijengea hoja.

Ongezeko kubwa linalotarajiwa ni la Kituo cha Vera C. Rubin, juu ya mlima Cerro Pachón, Chile. Kimepewa jina la mwanamke ambaye vipimo vyake vya mzunguko wa galaksi viliwalazimisha wenzake kuichukulia maada ya giza kwa uzito. Kina kioo cha mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200, na picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025. Kimepangiwa kulipiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka kumi.

Nije kwa Nairobi. Tuko nyuzi 1.3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo katika mwaka mmoja karibu anga lote hupita juu yetu, la kaskazini na la kusini. Kuna wataalamu wa Ulaya walioandika vitabu kuhusu Mawingu ya Magellan bila kuwahi kuyaona kutoka nyumbani kwao.

Wewe utayaona, ila hapo Kasarani haiwezekani, taa za jiji zimelifuta anga la chini. Nenda kusini, barabara ya Magadi kupitia Kiserian hadi upande wa Olorgesailie, ili mwanga wa Nairobi ubaki mgongoni mwako. Nenda kwa kundi, na mpange pa kulala kabla ya giza. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri: mawingu ni machache na Wingu Kubwa liko juu kabisa linapofika. Chagua usiku usio na Mwezi, kati ya saa mbili na saa nne. Elekea kusini, itafute Suheli, nyota nyeupe inayong'aa kuliko zote upande huo. Shuka kutoka hapo kuelekea upeo wa macho, kidogo kulia. Nyoosha mkono: ngumi mbili juu ya upeo utaona kiraka cha mwanga hafifu kisichosogea na upepo. Hicho ni galaksi, na vipimo vya Gaia vimeonyesha kwamba ina vibete vyake yenyewe ilivyokuja navyo, miongoni mwao Hydrus I na Horologium I.

Kwa M54 subiri Septemba au Oktoba mwanzoni mwa usiku, baada ya mawingu ya Juni hadi Agosti kuondoka. Itakuwa juu, upande wa kusini, katika kundinyota la Mshale (Sagittarius). Darubini ndogo inatosha.

Lakini umeuliza kuhusu kushiriki, na hapo darubini haihitajiki kabisa. Giuseppe Donatiello ni Mwitalia asiyeajiriwa na kituo chochote cha anga. Kwa kupekua picha za miradi mikubwa zilizo wazi mtandaoni, alitambua galaksi kibete za Pisces VII na Pegasus V, zilizo upande wa galaksi ya Andromeda, na wataalamu wenye darubini kubwa wakazifuatilia. Za upande wa Andromeda bado huonekana kama ukungu mdogo kwenye picha, hivyo jicho lililofunzwa lina nafasi. Za kwetu zinahitaji hesabu, na hesabu unaweza kuifanya kwa tarakilishi ya kawaida na bando la wastani.

Anza na galaksi inayojulikana, usikimbilie mpya. Fungua hifadhi ya data ya Gaia kwenye tovuti ya Shirika la Anga la Ulaya, ni bure. Omba nyota zote zilizo ndani ya nyuzi 1 kutoka mahali penye kupaa kwa 15.04 na mteremko wa −33.71, zote kwa nyuzi (ni anwani ya angani, kama longitudo na latitudo). Hapo ndipo galaksi ya Sculptor ilipo, ileile ya vioo vya Boyden. Ondoa nyota zenye paralaksi kubwa (kuyumba kwa nyota kunakoonekana Dunia inapolizunguka Jua), maana hizo ziko karibu nasi. Kwa lugha ya Python na maktaba ya Astropy, chora mwendo wa kila nyota, mashariki-magharibi dhidi ya kaskazini-kusini. Utaona wingu pana la nyota zetu, na ndani yake rundo zito karibu kabisa na sifuri. Bakiza rundo hilo peke yake na uchore rangi dhidi ya mng'ao. Kuanzia karibu daraja la 17 la mng'ao kushuka (namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi) utaona mkunjo wa majitu mekundu, nyota kongwe zilizovimba, umejitokeza. Kisha chora mahali pa nyota hizo angani, na galaksi itakuwa mbele yako, imetengwa na mikono yako mwenyewe.

Ukifaulu, rudia kwa Fornax, halafu Draco, halafu Reticulum II. Kwa hiyo ya mwisho utapata nyota chache tu, na hapo ndipo utajifunza kwa vitendo ugumu wote niliokuwa nikiueleza. Usichukue chochote hafifu kuliko daraja la 20 kwa uzito, vipimo vya mwendo huwa vimelegea huko.

Kama masomo yako yanaruhusu kubadilisha njia, Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na fizikia ya anga. Kenya pia ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi wa darubini ya redio ya SKA, ambao umefungua nafasi za mafunzo kwa vijana wa hapa, na kule Sutherland, Afrika Kusini, darubini ya SALT yenye kioo cha mita 11 hufanya kazi ya spektra. Hisabati yako iwe imara, hasa takwimu, kwa kuwa swali la kila siku katika kazi hii ni kama nyota hizi kumi zimezidi kweli au zimejipanga hivyo kwa bahati. Nitumie mchoro wako wa kwanza wa Sculptor hata kama umekataa kutoka vizuri, na uandike ulitumia kikomo gani cha paralaksi, maana mara nyingi tatizo huwa hapo.